Kompyuta ya Majaribio Isikae Meza Moja na Leja ya Mkulima



Katika ziara zangu za ukaguzi kwenye vyama vya msingi vya wilaya za Bukoba na Muleba, swali moja limekuwa likirudi kila ninapofungua daftari la mali za chama. Wajumbe wa Bodi huniuliza: "Ndugu Mkaguzi, ikiwa chama kinayo kompyuta inayofanya kazi vizuri, kwa nini tunashauriwa kutenga nyingine kwa ajili ya majaribio tu? Je, huo si ubadhirifu wa fedha za wakulima?"

Swali hilo ni la haki, na mwenye kuliuliza anatimiza wajibu wake wa kulinda mali ya wanachama. Makala hii ina nia ya kulijibu, na kueleza hatua kwa hatua namna chama kinavyoweza kuitenga kompyuta hiyo bila gharama kubwa. Nitaanza na jambo nililolishuhudia mwenyewe.

KILO 1,250 ZILIZOPOTEA

Niliitwa katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, siku chache kabla ya Mkutano Mkuu, nikatafute kilo 1,250 za kahawa ya maganda. Leja iliyomo ndani ya kompyuta ilionyesha kwamba wanachama wameleta kilo 48,360. Daftari la ghala lilionyesha kilo 47,110. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno kuweza kuelezwa kwa kahawa kukauka au kumwagika. Bodi ilikuwa imekwisha kumsimamisha kazi karani wa mizani, mama wa makamo aliyekitumikia chama kwa miaka mingi, na kijijini maneno yalikuwa yamekwisha kuenea kwamba ameiuza kahawa ya watu kwa walanguzi.

Aliitwa ofisini mbele yangu. Alifungua kabati, akatoa vitalu vya stakabadhi alivyovifunga kwa kamba ya mgomba, akaviweka mezani na kusema: "Ndugu Mkaguzi, hesabu yangu imo humu. Iliyomo ndani ya mashine siijui."

Tulikaa siku mbili tukijumlisha stakabadhi moja baada ya nyingine. Jumla yake ilikuwa kilo 47,110, sawasawa na daftari la ghala. Ndipo nilipoomba leja ya kompyuta ichapwe yote, mstari kwa mstari, na humo tukaona mistari mitano isiyo na nambari ya stakabadhi. Kila mstari ulikuwa na kilo 250. Mara tano, ndizo kilo 1,250 tulizokuwa tukizitafuta.

Hazikuibwa, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Kijana fundi wa kompyuta, mtoto wa mwanachama na mtu mwadilifu, alikuwa akiiboresha programu ya chama ili iweze kukata yenyewe mikopo ya pembejeo. Alihitaji kuona kama mabadiliko yake yanafanya kazi. Alichukua majina matano ya kwanza katika rejista, akampa kila mmoja kilo 250, akaona jibu ni sahihi, akafurahi. Kabla hajayafuta, umeme ulikatika. Uliporudi alikuwa amekwisha kuitwa kwenye kazi nyingine, akasahau.

Karani alirudishwa kazini na Mwenyekiti akamwomba radhi mbele ya Mkutano Mkuu. Hata hivyo, alikuwa amekaa wiki nzima akipita njiani huku majirani wakinyamaza kila anapowakaribia. Kama orodha ile ingelipwa jinsi ilivyokuwa, watu watano wangepokea fedha za kahawa ambayo hawakuileta, na fedha hizo zingetoka katika jasho la wanachama wengine.

Yafaa ieleweke kwamba kijana yule hakukosea kufanya majaribio. Programu isiyojaribiwa ni hatari zaidi. Kosa lilikuwa mahali alipofanyia majaribio: ndani ya leja ileile ambamo haki za wanachama zimeandikwa.

MAANA YA KUTENGA

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata bila kufikiri. Ikiagizwa vibaya, itakosea kwa uaminifu uleule na kwa kasi ileile, kwa mkulima wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo fundi hana budi kuijaribu kwa kuisumbua: aipe tarakimu za ajabu, aikatize katikati ya kazi, hata aiharibu kwa makusudi ili ajue inaharibikaje. Kazi hiyo haiwezi kufanyika mahali penye kumbukumbu za kweli.

Sisi wa mkoa huu tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulipothibitishwa katika mkoa wetu mwaka 1997, watafiti hawakuja kung'oa mibuni ya vibanja vyetu vyote na kupanda miche ambayo hakuna aliyeijua. Miche ilichaguliwa, ikapandwa na kuangaliwa kwanza katika mashamba ya utafiti, likiwamo la Maruku, na ile iliyostahimili ndiyo iliyoletwa kwa wakulima. Ndivyo tulivyopata aina za Robusta zenye majina ya kwetu, kama Maruku 1, Bukoba 1 na Muleba 1. Mche uliokufa katika shamba la majaribio haukumnyima mtu yeyote chakula wala ada ya shule.

Kompyuta ya majaribio ndiyo shamba la Maruku la chama chako. Kompyuta ya kazi ni kibanja.

YALIYOWAPATA WENGINE

Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka iliyofuata hesabu za Serikali zilihamishiwa katika kompyuta kubwa zaidi, huku wataalamu wa nchi wakiwa wachache na maandalizi yakiwa hafifu. Hesabu zilivurugika, hasara ikapatikana, na kazi ikarudishwa katika njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kosa la kuharakisha mashine kabla ya kuizoea na kuihakiki lilitugharimu miaka mingi ya kubaki nyuma.

Mfano wa pili unatoka Uingereza, na unafanana mno na ule wa karani wetu wa mizani. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya nchi hiyo ilisambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, wasimamizi wa matawi waliambiwa wameiba. Hadi mwaka 2015, watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu usiokuwapo. Ilithibitika pia kwamba mafundi waliweza kuingia katika hesabu za tawi kutoka mbali na kuzibadilisha bila mwenye tawi kujua. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu zile.

Nchi tajiri yenye wataalamu tele iliiamini mashine kuliko watu wake, na iliwachukua miaka ishirini kulikiri kosa hilo. Chama cha msingi chenye kompyuta mbili na mhasibu mmoja hakina budi kuwa mwangalifu zaidi.

NAMNA YA KUITENGA

1. Kupata mashine. Si lazima inunuliwe mpya. Vyama vingi vina kompyuta ya zamani iliyowekwa pembeni baada ya kupata nyingine. Ikiwa inawaka na ina nafasi ya kutosha, inafaa. Kompyuta ya mkononi ni bora zaidi, kwa kuwa betri yake huipa uhai umeme unapokatika. Kabla ya kuanza, ifutwe kabisa kumbukumbu zote za chama zilizomo, kisha iwekewe programu za msingi za toleo lilelile lililomo katika kompyuta ya kazi. Matoleo yakitofautiana, kitakachofaulu katika majaribio kinaweza kushindwa kazini.

2. Kuitia alama. Iandikwe neno MAJARIBIO kwa herufi kubwa juu ya mfuniko wake, na kioo chake kiwekwe rangi tofauti, kwa mfano nyekundu. Huenda alama hii ikaonekana kuwa jambo dogo, lakini mhasibu aliyechoka siku ya malipo, watu wakiwa wamejaa mlangoni, anaweza kufungua mashine isiyo yake. Rangi itamzuia kabla ya akili kumkumbusha.

3. Kuikata na njia za nje. Isiunganishwe na mashine inayochapa stakabadhi za chama, wala na mtandao unaoifikia leja ya kazi. Zaidi ya yote, isiwe na uwezo wa kutuma malipo ya benki au ya simu, wala ujumbe kwa wanachama. Fikiri mkulima wa Kamachumu akipokea katika simu yake ujumbe wa kwamba amelipwa shilingi laki tisa, kumbe ni fundi alikuwa akijaribu. Kesho yake ofisi haitatosha kwa watu.

4. Kutumia taarifa za kubuni. Rejista ya wanachama isinakiliwe katika kompyuta ya majaribio. Majina, nambari za simu, nambari za akaunti na madeni ya wanachama yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Fundi atumie majina kama "Mkulima wa Kwanza" na "Mkulima wa Pili". Faida yake ni mbili: siri za watu hazitoki, na mstari wa majaribio ukiponyoka ukaingia katika leja ya kazi, utaonekana mara moja.

5. Kutenganisha watu na maneno ya siri. Tumezoea kwamba mwenye kushika fedha si yeye mwenye kuandika daftari la fedha. Kanuni ileile itumike hapa. Fundi asiwe na neno la siri la kompyuta ya kazi, na mhasibu asibadilishe programu. Fundi anapohitaji kuifikia kompyuta ya kazi, afunguliwe na Meneja, afanye kazi akiwapo Meneja, na aondoke mashine ikiwa imefungwa.

6. Kuweka daftari la mabadiliko. Liwe daftari la karatasi lenye kurasa zilizotiwa nambari. Kila badiliko liandikwe: tarehe, aliyeliomba, kilichobadilishwa, aliyekijaribu, matokeo, aliyeidhinisha, na siku lilipohamishiwa katika kompyuta ya kazi. Mkaguzi akiuliza kwa nini makato yalibadilika katikati ya msimu, jibu liwe na saini.

7. Kuhamisha kwa utaratibu. Badiliko lililofaulu lihamishwe baada ya kazi za siku kufungwa, kamwe si siku ya malipo. Kwanza ichukuliwe nakala ya akiba ya leja nzima na itunzwe mbali na ofisi. Flashi itakayotumika ikaguliwe virusi na isitumike kwa kazi nyingine yoyote. Programu ya zamani isifutwe, ili likitokea tatizo chama kiweze kuirudia jioni ileile.

8. Kuendesha sambamba. Kwa muda usiopungua mwezi mmoja wa mapokezi ya kahawa, hesabu ziendelee kufanywa kwa programu mpya na kwa leja ya karatasi pamoja. Kila Ijumaa jumla mbili zilinganishwe. Zikitofautiana hata kwa kilo moja, sababu itafutwe kabla mtu yeyote hajatuhumiwa.

MFANO WA JARIBIO

Wajumbe wengine hudhani kwamba majaribio ni kazi ya mafundi pekee. Sivyo. Fundi anajua programu, lakini Bodi na karani ndio wanaojua kahawa. Kaeni pamoja, mwandike kwenye karatasi maswali ambayo majibu yake mmekwisha kuyapiga kwa mkono, kisha muone kama mashine itajibu vivyo hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, bei ni shilingi 3,000 kwa kilo na makato yote ni shilingi 200 kwa kilo.

Mkulima wa Kwanza ameleta kilo 100 na hadaiwi. Alipwe shilingi 280,000.

Mkulima wa Pili ameleta kilo 37 na nusu. Alipwe shilingi 105,000. Programu ikiitupa ile nusu kilo, imekataliwa.

Mkulima wa Tatu ameleta kilo 100 na anadaiwa pembejeo shilingi 50,000. Alipwe shilingi 230,000.

Mkulima wa Nne ameleta kilo 10 na anadaiwa shilingi 50,000. Haki yake baada ya makato ni shilingi 28,000. Malipo yawe sifuri, na deni libaki shilingi 22,000. Swali hili huziangusha programu nyingi: nyingine humlipa kana kwamba hadaiwi, nyingine hulisahau deni lililobaki.

Kisha yafuate maswali ya vituko. Wakulima wawili wenye jina moja, jambo la kawaida katika vijiji vyetu, wawekwe na nambari tofauti za uanachama, tuone kama kahawa ya mmoja itaingia kwa mwenzake. Stakabadhi moja iingizwe mara mbili. Programu iikatae mara ya pili. Mstari usio na nambari ya stakabadhi uingizwe, nao ukataliwe. Mwisho, mashine izimwe kwa makusudi katikati ya kuandika, mfano wa umeme kukatika, kisha iwashwe tuone kilichosalia. Laiti maswali haya mawili ya mwisho yangeulizwa katika chama kile nilichokitaja, karani asingesimamishwa hata siku moja.

Karatasi ya maswali itunzwe. Kila programu inapobadilishwa, hata badiliko likiwa dogo namna gani, maswali yote yaulizwe upya toka mwanzo, kwa sababu kurekebisha jambo moja mara nyingi huharibu lingine.

CHAMA CHENYE KOMPYUTA MOJA

Najua kwamba vipo vyama vyenye mashine moja tu. Kwa hivyo nina ushauri wa namna mbili. Kwanza, vyama vitatu au vinne vya jirani vinavyotumia programu moja vichangie kompyuta moja ya majaribio, ikae kwa mmoja wao kwa makubaliano ya maandishi. Hiyo ndiyo maana ya ushirika. Pili, hadi hapo mashine itakapopatikana, chama kisifanye badiliko lolote la programu wakati wa msimu. Mabadiliko yangoje kahawa imalizike na wakulima walipwe.

Zipo njia za kitaalamu za kuigawa kompyuta moja ifanye kazi kama mbili. Njia hizo hupunguza gharama, lakini mashine hiyo moja ikiharibika vyote viwili hupotea, na mtu aliyechoka bado anaweza kufungua upande usio wake. Kwa chama cha msingi, mashine mbili zinazoonekana kwa macho ni salama zaidi.

MIFUMO ISIYO MALI YA CHAMA

Yote niliyoyaeleza yanahusu programu ambazo chama chenyewe kimetengenezewa. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, uko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Si kazi ya chama kuubadilisha. Wajibu wetu ni kuingiza taarifa za kweli na kwa wakati. Asitokee mtu akaingiza humo kilo au shilingi za kujifunzia akitumaini kuzifuta baadaye. Anayejifunza afundishwe kwanza kwa karatasi na kwa mifano, na mwenye tatizo amwone Afisa Ushirika wa wilaya yake.

WAJIBU WA BODI

Ndugu zangu, tangu Bukoba Native Cooperative Union kilipoandikishwa mwaka 1950, mkulima wa mkoa huu amekikabidhi chama kahawa yake kwa kuamini karatasi ndogo anayopewa mizani inapotulia. Mkulima asiyeiamini tena hesabu ya chama hagombani na mtu. Huenda kimya kimya kwa mwenye fedha taslimu na kuiuza kahawa yake kwa butura ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa. Sote tunajua umaskini ambao butura umeuleta katika vibanja vyetu.

Kwa hiyo naomba kila Bodi ilitie jambo hili katika ajenda kabla msimu haujafunguliwa, na uamuzi wake uandikwe katika muhtasari. Katika ziara zangu zijazo nitaomba kuona vitu viwili: kompyuta yenye neno MAJARIBIO juu ya mfuniko, au makubaliano ya vyama jirani ya kuitumia kwa pamoja; na daftari la mabadiliko lenye saini. Na ikitokea kwamba leja ya mashine imekataa kulingana na ghala, hesabuni stakabadhi kwanza. Karani aitwe kusaidia kuhesabu, si kushtakiwa.